Filamu za 2023: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikikaa na wapenzi wa filamu, mazungumzo hurudi kwenye mwaka 2023. Wapo walioona zile mbili tu zilizotajwa kila kona, Barbie na Oppenheimer, wapo ambao mwaka mzima uliwapita kwa sababu ya shughuli. Maswali yanayojirudia zaidi nimeyakusanya hapa, nami nimeyajibu ninavyoamini.

Kwa nini 2023? Mbona imeshapita?

Kwa sababu filamu ikiwa mpya tunachojadili ni mapato na kelele. Ukirudi baada ya muda ndipo unajua ipi imebaki kichwani. Nimezirudia nyingi za mwaka ule. Zipo nilizozipigia makofi ukumbini na leo sikumbuki hata jina la mhusika mkuu, na zipo nilizoziona nusu nasinzia ambazo sasa hazinitoki.

Kuna jingine. Ule ndio mwaka ambao studio kubwa za Marekani zilituletea tena sehemu ya tano ya kile kile tulichozoea, na watazamaji wengi wakabaki nyumbani. Kisha wakatoka kwa maelfu kwenda kuangalia mwanasayansi akihojiwa kwa saa tatu, na mwanasesere akiulizia maana ya kufa. Hilo lilinipa moyo, na bado linanipa.

Ilikuwaje Barbie na Oppenheimer zikatoka siku moja?

Zote mbili ziliingia sinema za Marekani tarehe 21 Julai 2023. Christopher Nolan, mwongozaji wa Oppenheimer, alikuwa amefanya kazi na studio ya Warner Bros. kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2020 studio hiyo ikaamua kwamba filamu zake zote za 2021 zitatoka sinema na mtandaoni siku moja. Nolan hakukubaliana na uamuzi huo, akaipeleka Oppenheimer kwa studio ya Universal, ambao waliipangia Julai, mwezi anaoupenda. Baadaye Warner Bros. nao wakaiweka Barbie ya Greta Gerwig tarehe ile ile.

Wengi walidhani moja itaimeza nyingine, kumbe zilibebana. Watu walinunua tiketi mbili kwa siku moja. Wikendi ya kwanza Marekani Kaskazini, Barbie ilivuna dola milioni 162 na Oppenheimer dola milioni 82. Mwishowe Barbie ilifika zaidi ya dola bilioni 1.4 duniani na ikawa ya kwanza ya mwaka. Oppenheimer ikapita milioni 950. Gerwig akawa mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake filamu iliyovuka bilioni moja.

Oppenheimer ni saa tatu za watu kuongea. Kweli inastahili?

Inastahili, na ukumbini zaidi kuliko kwenye simu.

Niliiona Dar es Salaam, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa hadi safu ya mbele. Ilipofika alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, kule jangwani New Mexico, bomu la atomiki la majaribio likalipuka, na sauti ikaondoka. Moto unapanda skrini nzima, huku unasikia pumzi tu. Kiyoyozi cha ukumbi kikaanza kusikika. Mtu wa nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Spika zimekata?" Binti aliyekaa pembeni yangu alikuwa na bisi mkononi, ameishikilia hewani, hajaitia mdomoni. Kisha mshindo ukafika na ukumbi mzima ukaruka vitini.

Ndivyo mlipuko wa mbali ulivyo: mwanga hutangulia, sauti hufuata. Nolan angeweza kuvileta pamoja kama filamu nyingi zinavyofanya, nasi tusingelalamika. Aliamini tunaweza kuvumilia kimya kile.

Saa ya mwisho ni ya vikao: Oppenheimer anahojiwa mwaka 1954 hadi anapokonywa kibali cha kushughulikia siri za serikali, na Lewis Strauss, ofisa wa serikali aliyempiga vita, anahojiwa na maseneta mwaka 1959. Wengi wanachokea hapo. Mimi naona ndipo filamu inapofungua mkono wake, kwa sababu ndipo unapomwona mtu aliyetengeneza kitu kikubwa akigundua kwamba si chake tena.

Ni kweli madini ya bomu lile yalitoka Kongo?

Ndiyo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye mradi wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Mawe ya pale yalikuwa na urani nyingi ajabu, kuliko migodi mingine iliyojulikana wakati huo. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York mwaka 1940, zikakaa kwenye ghala Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipokuja kuzinunua mwaka 1942. Waliochimba walikuwa Wakongo, chini ya utawala wa Ubelgiji.

Filamu haitupeleki Shinkolobwe hata kwa dakika moja. Inachotuonyesha ni gololi: kadiri madini yanavyosafishwa, Oppenheimer anadondosha gololi ndani ya bakuli la kioo, na bakuli linajaa taratibu. Mara ya kwanza niliona ni ubunifu mzuri. Mara ya pili, kila gololi ilipogonga kioo nilikuwa nawaza mikono iliyolitoa jiwe lile ardhini, ya watu wanaosema Kiswahili kama mimi, ambao hakuna aliyewaambia linakwenda wapi. Naipenda filamu hii, na pengo hili naliona kila nikiirudia. Yote mawili ni kweli kwangu.

Niwaonyeshe watoto Barbie?

Wakubwa kidogo, kuanzia miaka 13 hivi. Wadogo watafurahia rangi na nyimbo, ila maneno mengi yatawapita. Kuwait waliipiga marufuku kabisa. Uamuzi wa nyumbani kwako ni wako.

Nikuombe usiidharau kwa sababu ya rangi ya waridi. Siku niliyokwenda, mabinti watatu walikuja wote na waridi, mmoja amefunga kanga ya rangi hiyo juu ya suruali, wanacheka tangu kwenye foleni. Ikafika sehemu Barbie amekaa kwenye benchi kituo cha basi, anamgeukia bibi mzee aliye pembeni yake, anamwambia ni mzuri, na bibi anajibu kwamba analijua hilo. Basi, hakuna zaidi. Wale mabinti walinyamaza kimya. Kwa muda mchache ule Gerwig alisema kuhusu uzee na uzuri kitu ambacho hotuba ndefu ya baadaye, ile inayosifiwa sana, haikikaribii.

Mashujaa wa Marvel na DC walikwama wapi?

Sisi tuliokulia vibanda umiza, kwenye mabenchi, televisheni moja na mtafsiri anayeongea juu ya picha, tulifundishwa kanuni moja mapema: stelingi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, anafungiwa kwenye nyumba inayoungua, lakini hafi. Raha ilikuwa kumwogopea hata hivyo, kwa sababu mtengenezaji alijua kukusahaulisha kanuni.

Filamu za mashujaa za 2023 zilishindwa kutusahaulisha. Akifa mmoja, anakuja pacha wake kutoka ulimwengu mwingine. Ili uelewe kinachoendelea, lazima uwe umetazama na tamthilia tatu mtandaoni. The Marvels ilitoka Novemba, ikagharimu zaidi ya dola milioni 200 kuitengeneza, na mapato yake duniani yakaishia kwenye milioni 206 hivi, ya chini kuliko filamu zote za studio ya Marvel Studios kabla yake. The Flash nayo ilianguka. Sipendi wanaomtupia lawama Nia DaCosta, mwongozaji wa The Marvels. Watazamaji walikuwa wameshachoka kabla hajafika.

Guardians of the Galaxy ya tatu ilifanya vizuri, na sababu yake iko wazi ukiiona: ni hadithi ya Rocket, mnyama aliyeteswa maabara na kupoteza marafiki zake. Nililia. Na Spider-Man: Across the Spider-Verse ndiyo picha ya katuni nzuri zaidi ya mwaka machoni pangu, ingawa inakatika kama tamthilia ya jioni, palepale unapoitaka zaidi.

Migomo ya Hollywood ilikuwa ya nini?

Waandishi wa filamu waligoma kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba, siku 148. Waigizaji wakaungana nao tarehe 14 Julai hadi 9 Novemba, siku 118. Vyama hivyo viwili vilikuwa havijagoma kwa pamoja tangu mwaka 1960. Waigizaji wa Oppenheimer waliondoka kwenye uzinduzi wao wenyewe jijini London mgomo ulipokuwa unakaribia kutangazwa.

Madai makubwa yalikuwa mawili. La kwanza ni malipo ya marudio. Zamani kipindi kikirudiwa kwenye televisheni, mwandishi na mwigizaji walipata chao kila mara. Majukwaa ya mtandaoni yalipokuja, kazi inatazamwa miaka na miaka na hundi zikawa ndogo mno. La pili ni akili mnemba: waandishi hawakutaka maandishi ya mashine yatumike kuwapunguzia malipo, na waigizaji hawakutaka sura zao zipigwe picha siku moja na kutumiwa daima bila ridhaa wala malipo.

Ulipoona Dune ya pili imesogezwa kutoka Novemba 2023 hadi Machi 2024, sababu ni hiyo.

Swali hili huulizwa kana kwamba ni la wenzetu. Ni letu pia. Ninawafahamu waigizaji wa hapa nyumbani waliolipwa mara moja, wakasaini karatasi ya kuuza haki zote, na kazi yao bado inazunguka kwenye fleshi na kwenye simu za watu mpaka leo. Wenzetu walikaa barabarani karibu miezi mitano wakapata mkataba ulioandikwa. Msanii anayeanza na ausome mkataba wa Hollywood wa mwaka ule kabla hajasaini wake.

Na picha la Kihindi?

Mwaka wa Shah Rukh Khan. Tangu 2018 alikuwa hajatoka kama stelingi, watu wakaanza kusema amezeeka. Januari akaja na Pathaan, Septemba na Jawan, na kila moja ikavuka rupia bilioni 10. Katika Jawan anaigiza baba na mwana, na ukimwona baba anaingia na mvi zake ukumbi unapiga kelele kama goli limeingia. Ukiwa na wageni na chakula kipo, weka Jawan.

Filamu za Kiafrika zilikuwa wapi mwaka huo?

Zilikuwa kila mahali isipokuwa mbele ya macho yetu, na hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote.

Anza na FESPACO, tamasha kubwa la filamu la Ouagadougou, Burkina Faso, lililofanyika Februari na Machi. Farasi wa Dhahabu, tuzo kuu ya hapo, alikwenda kwa Ashkal ya Youssef Chebbi wa Tunisia, na wa Fedha kwa Sira ya Apolline Traoré wa Burkina Faso. Farasi wa Shaba alikuja Kenya, kwa Shimoni ya Angela Wamai. Ni hadithi ya mwalimu aliyetoka jela, anarudishwa kijiji alichokulia, na huko anakutana na mtu wa utotoni mwake ambaye akimwona tu mwili wake unaganda. Wamai anaacha mengi bila kusemwa. Ni filamu nzito, usiiweke kama unatafuta kuburudika.

Mei, tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ramata-Toulaye Sy aliingia shindano kuu na Banel & Adama, filamu yake ndefu ya kwanza, iliyosemwa kwa Kipulaar cha kaskazini mwa Senegal. Kaouther Ben Hania wa Tunisia alikuwa kwenye shindano hilo hilo na Four Daughters, ambamo mama halisi na mabinti zake wawili wanaishi upya, pamoja na waigizaji, kisa cha mabinti wengine wawili walioondoka nyumbani na kujiunga na wapiganaji Libya. Kuna pahala mwigizaji anayemwigiza mama analemewa kabla ya mama mwenyewe.

Goodbye Julia ya Mohamed Kordofani ilikuwa filamu ya kwanza ya Sudan kuchaguliwa rasmi Cannes. Inahusu Mona, mwanamke wa Khartoum aliyeacha kuimba kwa ajili ya mume, na Julia, mjane wa kusini anayechukuliwa kufanya kazi nyumbani kwake bila kujua kwamba Mona anahusika na kifo cha mumewe. Mandhari ni miaka ya kuelekea mgawanyiko wa nchi mwaka 2011. Ilionyeshwa Mei, na vita vya Khartoum vilikuwa vimeanza tarehe 15 Aprili. Mji unaouona kwenye skrini, vibaraza vyake na mitaa yake, ulikuwa unapigwa mabomu wakati watu wanapiga makofi ukumbini. Ilipata tuzo ya Uhuru katika kitengo chake.

Kwa upande wa pwani yetu, Kenya ilipeleka Mvera ya Daudi Anguka kuwania Oscar, hadithi ya vijana wanaoahidiwa kazi ng'ambo na wanaowaahidi wakiwa wanafanya biashara ya viungo vya binadamu. Haikuteuliwa, lakini yeyote mwenye ndugu aliyewahi kuitwa na wakala asiyeeleweka atajua kwa nini ilitengenezwa.

Ile ya Bobi Wine ilishinda Oscar?

Hapana. Bobi Wine: The People's President, kuhusu mwanamuziki wa Uganda aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, iliteuliwa upande wa filamu za hali halisi, na hilo peke yake lilikuwa la kwanza kwa Uganda. Mmoja wa waongozaji wake wawili ni Moses Bwayo, Mganda. Iliyoshinda ni 20 Days in Mariupol, kuhusu mji wa Ukraine uliozingirwa, na sina ugomvi na uamuzi huo.

Kwa jumla, Oscar walipatia?

Nusu kwa nusu. Oppenheimer ilichukua tuzo 7 tarehe 10 Machi 2024, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji na Cillian Murphy kama mwigizaji bora. Sawa. Da'Vine Joy Randolph wa The Holdovers alistahili kabisa tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike. Mama aliyefiwa na mwanawe vitani, anapika shuleni wakati wa Krismasi na hapati mahali pa kulilia.

Kisichonikalia sawa ni Killers of the Flower Moon. Iliteuliwa mara 10 na ikaondoka mikono mitupu. Martin Scorsese alichukua saa tatu na nusu kueleza jinsi Waosage wa Oklahoma walivyouawa mmoja mmoja miaka ya 1920 kwa ajili ya mafuta yaliyokuwa chini ya ardhi yao, na wauaji walikuwa wakwe, madaktari, majirani. Lily Gladstone, aliyemwigiza Mollie, anaweza kumtazama mumewe akimchoma sindano na ukaona anajua na anakataa kujua kwa wakati mmoja. Tuzo ilikwenda kwa Emma Stone wa Poor Things. Mimi ningempa Lily.

Ipi iliyokuumiza zaidi?

Past Lives ya Celine Song. Mvulana na msichana wa Seoul wanatenganishwa msichana anapohamia ng'ambo. Baada ya miaka 24 mvulana anakwenda New York kumwona, naye ameshaolewa. Hakuna anayefanya ubaya. Mwishoni wanasubiri gari barabarani usiku, wamesimama wakitazamana, na kamera haiondoki. Gari linafika. Kama umewahi kumsindikiza mtu stendi huku ukijua hamtaonana tena, jitayarishe.

Unawashauri watengenezaji wetu waangalie ipi?

Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki. Ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 15, watu 35 wakafanya kazi zote za madoido ya picha, na ikashinda Oscar ya madoido dhidi ya filamu ambazo baadhi zilitumia mara kumi na zaidi. Angalia jinsi walivyoipa familia muda wa kutosha mezani, wakila na kuzozana, kabla mnyama hajatokea tena.

Nikiwa na muda wa moja tu, nianze na ipi?

Augure, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Omen. Mwongozaji ni Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji. Ilipata tuzo ya sauti mpya kwenye kitengo chake Cannes. Koffi anarudi Kongo na mchumba wake Mbelgiji mjamzito ili apate baraka za wazazi na kutoa mahari. Tangu utotoni mama yake alimwona ana mkosi, kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni. Siku ile ile ya kufika, kwenye mkusanyiko wa familia, anapewa kichanga cha dada yake akipakate, na pua yake inaanza kutoka damu. Tone linamwangukia mtoto. Ndani ya dakika moja ndugu wamegeuka, na mchumba wake hajui hata kimetokea nini.

Nilianza kwa kusoma tafsiri chini ya skrini. Baadaye nikagundua kuna sehemu nimeacha kuisoma, kwa sababu ninasikia Kiswahili, kile cha Katanga, mahali ambapo watu husema batoto pale ambapo mimi ningesema watoto. Nilirudisha nyuma, nikaziba tafsiri kwa kiganja, nikasikiliza tena.